Koikuchi, Usukuchi au Tamari? Namna ya Kuchagua Shoyu Inayofaa Jiko Lako

Shoyu, mchuzi wa soya wa Kijapani, huchaguliwa kwa mambo mawili: kazi utakayoipa jikoni, na orodha ya viambato nyuma ya chupa. Rangi na bei hazikwambii mengi. Kuna chupa ya bei ya chini ambayo ni safi kabisa kwa kuroweka kuku, na kuna ya bei ya juu ambayo ukiichemsha robo saa umeimwaga fedha yako.

Kanuni za viwango vya vyakula za Japani, JAS, zinatambua aina 5. Kwa kawaida hutoka kwenye soya, ngano, chumvi, maji na ukungu wa koji. Kinachozitenga ni uwiano wa soya na ngano, kiasi cha chumvi, na muda wa kuchachuka. Tuziweke kwanza upande kwa upande, chumvi ikihesabiwa kwa kijiko kimoja cha chakula, yaani kama gramu 18 za shoyu:

| Aina | Soya na ngano | Chumvi kwa kijiko | Inapong'ara | Inapoharibu |
|---|---|---|---|---|
| Koikuchi | nusu kwa nusu | g 2.6 | karibu kila pishi | supu na mboga zinazotakiwa kubaki na rangi yake |
| Usukuchi | nusu kwa nusu, mara nyingine na mchele | g 2.9 | supu nyepesi, mboga, samaki mweupe | kuchovyea |
| Tamari | soya tupu, au ngano kidogo sana | g 2.3 | sashimi (vipande vya samaki mbichi), kupaka vya kuchoma | supu nyepesi |
| Saishikomi | nusu kwa nusu | g 2.2 | kuchovyea, kunyunyizia mezani | kuchemsha |
| Shiro | ngano karibu yote | g 2.6 | mayai, supu nyeupe | nyama nzito |

Safu ya chumvi isomwe kwa makini. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na vijiko viwili vya koikuchi vimeshapita hapo. Kwa hiyo pishi likitiwa shoyu, chumvi ya kawaida ipunguzwe au iachwe kabisa. Makosa mengi ya wanaoanza ni hayo: wanatia chumvi kwanza kwa mazoea, kisha wanamalizia na shoyu, halafu wanailaumu chupa.

Koikuchi, ya kuanzia

Sehemu kubwa ya shoyu inayotengenezwa Japani, zaidi ya asilimia 80, ni koikuchi. Kama utanunua chupa moja tu, nunua hii.

Soya hupikwa kwa mvuke, ngano hukaangwa na kupasuliwa, kisha vyote huchanganywa na mbegu za ukungu wa Aspergillus oryzae au Aspergillus sojae. Baada ya siku 3 hivi kwenye chumba chenye joto na unyevunyevu, mchanganyiko huota manyoya ya kijani-njano. Hiyo ndiyo koji. Ikitiwa maji ya chumvi huwa rojo liitwalo moromi, na hapo kazi ya kweli huanza. Vimeng'enya vya ukungu huvunja protini kuwa asidi amino, chanzo cha umami, yaani ile ladha ya mchuzi uliokolea, na huvunja wanga wa ngano kuwa sukari. Bakteria wanaostahimili chumvi, Tetragenococcus halophilus, huleta uchachu kidogo. Kisha hamira ya Zygosaccharomyces rouxii hula sukari na kutoa alkoholi kidogo pamoja na harufu zinazoitambulisha koikuchi. Ndiyo maana ngano si kijazio: bila ngano hakuna sukari ya kutosha, na bila sukari hamira haina cha kufanyia kazi.

Moromi ikiiva hukunjwa ndani ya vitambaa, tabaka juu ya tabaka, hata mamia. Mwanzoni haikandamizwi hata kidogo. Huachwa ichuruzike kwa uzito wake yenyewe. Mwenye haraka akiikamua mapema, mashapo hupenya kitambaani na shoyu hutoka imetibuka. Baadaye mashine huongeza uzito polepole. Kinachotoka huachwa kitulie siku kadhaa: mafuta ya soya huelea juu na kuondolewa, mashapo hukaa chini. Mwisho hupashwa moto, mara nyingi kwenye nyuzi 80 hivi, kuua vijidudu na kukoleza harufu na rangi.

Walioizoesha dunia ladha hii ni familia za mkoa wa Chiba, mashariki mwa Tokyo. Yamasa ya mji wa Choshi ilianza mwaka 1645, ikiongozwa na ukoo wa Hamaguchi uliotoka Kii, Wakayama ya leo. Katika mji wa Noda, familia zilizokuwa zikishindana, zikiwemo za Mogi na Takanashi, ziliunganisha biashara zao mwaka 1917. Kampuni hiyo ndiyo Kikkoman, iliyofungua kiwanda Walworth, Wisconsin, mwaka 1973, kisha Uholanzi mwaka 1997. Kwa hiyo chupa inayouzwa Ulaya au Marekani huenda haikuvuka bahari hata kidogo, na hilo si kasoro: njia ya kuichachusha ni ile ile.

Kipimo kizuri cha teriyaki, nyama iliyopakwa sosi tamu ya shoyu, bila kileo: kwa nusu kilo ya kuku, koikuchi vijiko vya chakula 3, sukari 2, maji 3. Usitie chumvi nyingine. Kaanga kuku mpaka ngozi ikauke, kisha futa mafuta yaliyobaki kikaangoni kwa karatasi ya jikoni. Mafuta yakibaki, sosi itateleza juu ya nyama bila kushika. Mimina mchanganyiko, ongeza moto, tazama mapovu. Mwanzoni ni madogo na mengi kama ya sabuni. Yakiwa makubwa, mazito na ya kupasuka polepole, epua hapo hapo. Ukingoja sekunde 30 zaidi, sukari na asidi amino zinaungua na uchungu wake hauondoki kwa chochote. Kwa sababu hiyo hiyo, mishkaki ipakwe shoyu yenye sukari dakika 2 za mwisho tu juu ya makaa.

Koikuchi au usukuchi?

Usukuchi ni nyepesi kwa rangi, lakini ina chumvi nyingi kuliko zote. Anayeichukua akidhani anapunguza chumvi anafanya kinyume chake. Anayetaka chumvi kidogo atafute shoyu iliyoandikwa gen'en, ambayo ina gramu 8 hivi kwa kila gramu 100, dhidi ya 14.5 za koikuchi.

Kwao usukuchi ni Tatsuno, mkoa wa Hyogo, ambako ilianza karne ya 17. Maji ya mto Ibo wa huko ni laini na yana chuma kidogo sana, na chuma huchangia kuifanya shoyu kuwa nyeusi. Wenyeji huongeza chumvi ili kuzuia moromi isiive haraka, hukaanga ngano kidogo tu, na mara nyingine humalizia na amazake, uji mtamu wa mchele uliochachushwa. Yote hayo ni kwa lengo moja: mapishi ya Kyoto na Osaka yanataka bamia ibaki kijani, yai libaki na unjano wake, na ladha ya dashi, supu ya msingi ya Kijapani ya mwani na samaki mkavu, isifunikwe.

Kwa supu safi, chukua dashi mililita 600, chumvi gramu 3.5, na usukuchi kijiko 1 cha chai. Chumvi inafika kama asilimia 0.75, imekolea bila kuchoma ulimi. Ukitumia koikuchi kufikia ukolevu huo huo, utapata maji ya kahawia. Na kama pishi limeandikiwa koikuchi vijiko 2 nawe una usukuchi tu, tia kijiko 1 na robo tatu.

Usinunue chupa kubwa ya usukuchi. Ikikaa wazi hugeuka nyeusi, na rangi ndiyo uliyoilipia.

Koikuchi au tamari?

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukwama, kwa sababu tamari hutangazwa kama shoyu isiyo na ngano, na si kila mara iwe hivyo.

Tamari ni ya ukanda wa Aichi, Mie na Gifu. Soya iliyopikwa hufinyangwa kuwa madonge, ukungu ukaota juu yake, kisha hutiwa maji ya chumvi machache sana kuliko ya koikuchi. Moromi yake ni ngumu kiasi kwamba haikorogeki. Kwa hiyo mafundi husimamisha bomba katikati ya pipa, huweka mawe mazito juu ya soya, na huteka kimiminika kinachojikusanya ndani ya bomba na kukimwagia tena juu, siku baada ya siku. Kazi hii huendelea kwa mwaka mmoja au zaidi. Matokeo ni shoyu nzito, yenye asidi amino nyingi, lakini yenye harufu ndogo ya alkoholi kwa sababu ngano ni kidogo au haipo. Ukizinusa pamoja, koikuchi hupanda puani mara moja. Tamari hukaa kimya, kisha ladha yake hudumu ulimini.

Kwa kupaka chakula cha kuchoma, tamari inashinda: hung'aa kwa wekundu ambao koikuchi haiufikii. Kwa sashimi ya samaki mwenye mafuta kama jodari, inashinda pia. Kwa kukaanga wali au mboga kwenye moto mkali, koikuchi ni bora, kwa sababu harufu yake ikigusa chuma cha moto ndiyo nusu ya ladha.

Sasa suala la gluteni. Mtu mwenye ugonjwa wa siliaki, ambaye mwili wake haustahimili gluteni, protini ya ngano, asinunue kwa jina tamari peke yake. Tamari nyingi za Japani zina ngano kidogo. Atafute maandishi yanayosema wazi kwamba haina gluteni. San-J, yenye asili ya Mie mwaka 1804 na sasa ikitengeneza tamari huko Virginia, Marekani, ni mfano wa familia iliyoijenga biashara yake nje kwa bidhaa hiyo hasa. Na kuna mtego mbaya zaidi: bidhaa ziitwazo shiro tamari, kutoka Aichi, hutengenezwa kwa ngano tupu bila soya. Kwa mgonjwa wa siliaki hiyo ni hatari kamili, na jina lake halimwonyi.

Koikuchi nayo isihesabiwe salama kwa hoja kwamba uchachuaji humaliza ngano. Protini huvunjwa kwa kiasi kikubwa, lakini mgonjwa hapaswi kuitegemea hoja hiyo.

Saishikomi na shiro

Saishikomi ni ya Yanai, mkoa wa Yamaguchi. Badala ya maji ya chumvi, koji mpya hutiwa ndani ya shoyu mbichi iliyokwisha kuchachuka, na safari huanza tena. Inameza malighafi na muda karibu mara mbili, ndiyo sababu ya bei yake. Koji mpya haileti chumvi mpya, ndiyo maana saishikomi ina chumvi ndogo kuliko nyingine zote zilizo kwenye jedwali. Itie mezani, juu ya tofu, nyama iliyokwisha kuchomwa, hata aisikrimu ya vanila. Usiipike.

Shiro, ya Hekinan mkoani Aichi, ni ya rangi ya kaharabu, tamu kidogo, na huchachuka kwa miezi michache tu. Jiko la nyumbani linaweza kuishi bila hiyo. Ukiitafuta, usichanganye na shiro dashi: hiyo ni shoyu iliyokwisha kuungwa kwa samaki mkavu, chumvi na sukari. Ukiitumia kipimo kwa kipimo, pishi litakuwa na harufu ya samaki ambayo hukuitaka.

Pipa la mbao au tangi la chuma?

Shoyu iliyochachushwa katika kioke, pipa kubwa la mbao za mti wa sugi lililofungwa kwa pete za mianzi iliyosukwa, ni kama asilimia 1 tu ya shoyu yote ya Japani. Pipa la koku 30, kipimo cha kale cha Kijapani, hubeba kama lita 5,400 na hudumu miaka 100 hadi 150. Zamani watengenezaji wa sake, pombe ya mchele, ndio walioagiza mapipa mapya; baada ya miaka 20 au 30, pipa likianza kuvuja, waliliuza kwa watengenezaji wa shoyu, ambako chumvi hulihifadhi kwa miongo mingine mingi. Sake ilipohamia kwenye matangi ya chuma, mnyororo huo ulikatika. Hakukuwa tena na mapipa ya mkono wa pili, wala kazi ya kutosha kuwaweka mafundi.

Katika kisiwa cha Shodoshima, mkoa wa Kagawa, Yasuo Yamamoto, kizazi cha 5 cha familia ya Yamaroku, alikwenda Sakai mwaka 2012 pamoja na maseremala kujifunza kutengeneza mapipa hayo kwa mafundi wa mwisho wa mapipa makubwa. Tangu hapo, kila Januari watengenezaji kutoka sehemu nyingine za Japani hukusanyika kisiwani kutengeneza mapipa mapya pamoja. Ni kazi ya kuheshimiwa sana, maana pipa analotengeneza mtu leo litatoa shoyu yake nzuri zaidi mikononi mwa wajukuu.

Tofauti ya ladha inatoka wapi? Vinyweleo vya mbao hufuga bakteria na hamira za nyumba hiyo, na moromi hufuata majira: hulala baridi, huchemka kiangazi. Muda ni mwaka 1 hadi 4. Tangi la chuma hudhibitiwa joto, huiva kwa miezi 6 hivi, na kila kundi hufanana na lililotangulia. Ladha ya shoyu ya pipa ni laini isiyo na ncha kali, yenye tabaka nyingi. Ya tangi ni ya moja kwa moja na ya kuaminika.

Kwa maoni yetu, shoyu ya pipa haistahili kurowekewa nyama wala kuchemshwa. Inyunyizie mwishoni au ichovyee. Kwa kuroweka mabawa ya kuku kilo 5 tumia koikuchi ya tangi, na hutapoteza chochote. Na usidanganyike na maneno kama “ya kienyeji” au “ya kale” kwenye chupa. Tafuta neno kioke (木桶) na muda wa kuchachuka ulioandikwa kwa tarakimu.

Lebo isomwe hivi

Orodha fupi ndiyo nzuri: soya, ngano, chumvi, na pengine alkoholi. Honjozo (本醸造) maana yake imechachushwa kwa njia ya asili peke yake. Kongo (混合) imechanganywa na asidi amino za kutengenezwa kwa kemikali, アミノ酸液 kwenye lebo. Huko Kyushu kusini watu huipenda shoyu tamu ya mchanganyiko na si udanganyifu kwao, lakini kama pishi lako halitaji sukari, litaharibika.

Soya nzima huandikwa marudaizu (丸大豆). Isipoandikwa, mara nyingi ni soya iliyokamuliwa mafuta. Soya nzima hutoa shoyu laini zaidi, iliyokamuliwa hutoa yenye makali zaidi, na zote zinaweza kupata daraja la juu. Daraja la tokkyu (特級) kwa koikuchi hudai naitrojeni isiyopungua asilimia 1.50, na hicho ni kipimo cha umami, si sifa ya matangazo.

Nje ya Japani jihadhari na sosi za soya zinazotengenezwa kwa kuvunja protini kwa asidi ya hidrokloriki, kazi ya siku chache. Njia hiyo isiposimamiwa vizuri huacha kemikali ya 3-MCPD, ambayo Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha mikrogramu 20 kwa kilo. Ukiona “protini ya mboga iliyohidrolishwa” na rangi ya karameli, rudisha chupa rafuni.

Ukishainunua, mwaga kijiko cha chai kwenye sahani nyeupe na uiinamishe. Koikuchi halisi huonyesha wekundu angavu pembeni. Iliyotiwa karameli hubaki nyeusi tii hadi ukingoni. Sosi nyeusi ya Kichina iliyozoeleka Dar es Salaam na Nairobi hubaki hivyo pia, kwa kuwa kazi yake ni kutia rangi. Ni nzuri kwa kazi hiyo, lakini haiwezi kushika nafasi ya koikuchi.

Alkoholi na halali

Kuna mambo mawili tofauti hapa. Koikuchi yoyote huwa na alkoholi kidogo, kama asilimia 2 au chini, inayozaliwa na hamira yenyewe. Zaidi ya hapo, watengenezaji wengi huongeza alkoholi kabla ya kufunga chupa ili kuzuia ukungu. Hii ndiyo inayoandikwa kwenye lebo, アルコール au 酒精. Kwa msomaji Mwislamu njia fupi ni kununua yenye cheti cha halali, ambayo haikuongezewa alkoholi. Zipo madukani, hasa nchi za Ghuba. Mirin halisi, kileo kitamu cha mchele cha kupikia, ni kesi nyingine kabisa: ina alkoholi kama asilimia 14. Kijiko kimoja cha mirin hubadilishwa kwa kijiko cha maji na kijiko cha chai cha sukari.

Baada ya kufungua

Adui ni hewa na joto. Kwenye mwambao wetu au Muscat, chupa iliyofunguliwa iingie kwenye friji siku hiyo hiyo na imalizwe ndani ya mwezi mmoja, usukuchi na shiro mapema zaidi. Chupa laini za ngozi mbili, zinazozuia hewa kurudi ndani, huvumilia hadi siku 90. Kwa mtu wa matumizi madogo, mililita 200 za chupa hiyo ni bora kuliko lita moja ya bei nafuu.

Shoyu ya chumvi kidogo au isiyoongezewa alkoholi ikiachwa kwenye kabati huota utando mweupe juu. Ni hamira inayopenda hewa. Haijulikani kwa kudhuru, ila hula ladha na kuacha harufu mbaya, hivyo imwage. Shoyu iliyogeuka nyeusi tu bila utando bado ina umami wake: itie kwenye mchuzi wa nyama unaochemka muda mrefu, na fungua chupa mpya kwa ya mezani.